Kina Kabla ya Neno: Matarajio ya Msikilizaji katika Ushairi wa Kiswahili

Mjadala wa wanamapokeo na wanamabadiliko umevijadili vina zaidi kama alama ya utambulisho kuliko kama tukio la usikilizaji. Kambi moja huviita uti wa mgongo wa shairi. Nyingine huviona kuwa pingu. Kile ambacho kina humfanyia msikilizaji hakijapewa uzito unaostahili.

Tangu Helmholtz katika karne ya 19, imejengwa hoja kwamba ubongo haupokei tu ishara za hisi, bali huzikisia mapema na kujisahihisha pale zinapoupinga. Mwaka 1970 Richard Warren aliondoa sauti moja katika sentensi iliyorekodiwa, akaweka kikohozi mahali pake. Karibu wasikilizaji wote walidai kwamba hakuna sauti iliyokosekana. Sehemu ya walichosikia ilitoka kwao wenyewe.

Tarbia ya mizani 16 hutumia uwezo huohuo. Mshororo wa kwanza ukiisha, msikilizaji anajua vina viwili na mahali vitakapoangukia. Asilolijua ni neno. Hapo ndipo kipimo cha ufundi kinapopatikana. Kina cha -ni kinaweza kutoshelezwa na kiambishi cha mahali tu: nyumbani, sokoni, safarini. Sarufi inakuwa imetunga kwa niaba ya mshairi, na sikio, likiwa limekwisha kuridhika, hupita bila kusimama. Lakini deni au huzuni ikifuata nyumbani, sauti iliyotarajiwa huleta maana isiyotarajiwa, na neno la kwanza hulazimika kusikika upya.

Kwa mtazamo huu, kanuni zilizoratibiwa na Amri Abedi mwaka 1954 ni masharti ya kujenga matarajio. Kuzitimiza si ushahidi wa ubora. Vivyo hivyo, mashairi huru ya Kezilahabi katika Kichomi (1974) hayakuyakimbia matarajio hayo. Kwa sikio lililolelewa na tarbia, kina kisichofika ni tukio. Kwa msomaji asiyewahi kulisubiri, ukimya huo hausikiki.

Sayansi haiwezi kumwamulia mhakiki, kwani si kila mshangao una thamani. Hata hivyo inamdai swali ambalo kambi zote mbili zimelikwepa: kina kinapofika, au kinapokosa kufika, ni maana gani inayobadilika? Shairi lisiloweza kulijibu, liwe la kimapokeo au huru, linaishi kwa mkopo wa sikio la msikilizaji.