Furukombe wa Naivasha: picha ni nzuri, lakini ni za nani?



Nimezitazama zile picha 12 za furukombe alizotuletea mwenzetu kutoka Ziwa Naivasha. Pongezi tumeshampa. Naomba nami nitie neno, na anisamehe, maana kosa nitakalolitaja ni langu pia.

Tuanze na mwanga. Furukombe ana kichwa na kifua cheupe pe, na mabawa meusi. Nyuma yake kuna mafunjo yenye kivuli. Kipima mwanga cha kamera hakimjui ndege, kinachojua ni wastani wa kijivu. Kikiona giza la mafunjo kinaongeza mwanga, na kichwa kinaungua, kinabaki kama tone la chokaa. Katika picha 5 huoni hata unyoya mmoja kichwani. Hapo kompyuta haisaidii kitu, kilichoungua hakirudi. Punguza stopu moja hivi, kisha tazama histogramu kama weupe haujagonga ukingo wa kulia. Weusi wa mabawa utauinua baadaye nyumbani.

Mpangilio je? Ndege yuko katikati karibu kila picha, kwa kuwa alama ya fokasi iko katikati na sisi tunaifuata tu. Mwachie nafasi mbele ya mdomo, awe na pa kwenda. Tena mpiga picha alisimama botini, kwa hiyo maji yamekuwa ukuta nyuma ya ndege. Angeketi chini, lenzi ikakaribia usawa wa maji, tungeona na mahali ndege anapoishi.

La tatu ndilo linaloniuma. Ikuzeni picha ya 8: mdomoni mwa samaki mna kijiti. Ni kipande cha funjo. Wenye boti humtia samaki funjo ili aelee, wakapiga mluzi, wakamtupa pale ambapo jua liko mgongoni mwa mgeni. Picha kama hiyo ninayo ukutani ofisini. Miaka kadhaa niliwaonyesha wanafunzi wangu kama mawindo ya porini, mpaka mmoja akaniuliza kile kijiti ni nini. Sikuwa na jibu la kiungwana.

Wenye boti siwalaumu, hiyo ni riziki yao. Lakini mwanga tumeiachia kamera, mahali na wakati tumemwachia nahodha, halafu chini tunaandika jina letu! Angalau tuseme wazi kwamba samaki alitupwa.

Kwangu mimi iliyo bora ni ya 11, ambayo hakuna aliyeisifu. Furukombe yuko juu ya mti mkavu, kichwa amekirudisha nyuma akilia. Ina giza kidogo, lakini manyoya ya kichwa yanahesabika, na hakuna aliyemwita. Hapo mwenzetu alisubiri. Atuletee zaidi za namna hiyo.

Nipo tayari kusahihishwa.

Wassalaam.