Acha Stendi, Kamata Kibano

Ndugu zangu wa kamera na taa, hebu simameni kwanza. Super Clamp ya Manfrotto, ile namba 035, pamoja na mkono wa viungo namba 244, imeshuka Dodoma na treni ya SGR na sasa ipo mezani kwangu, na kazi nyingine zote za leo zimelala. Kadude kenyewe, yaani kibano, ni ka aloi, hakafiki hata nusu kilo, lakini kamepimwa kubeba kilo 15. Kumi na tano! Godox SL60W, taa inayowalisha wapiga video wengi wa harusi, haifiki kilo 2.

Ukikishika kibano ndiyo utanielewa. Taya moja imetulia, nyingine inasogea kwa skrubu nene yenye mpini. Ukizungusha, taya zinakuja taratibu, hazichezi, hazikwaruzani. Upande wa pili kuna tundu la pembe sita la kupokea pini ya kubebea taa. Unaichomeka, kitasa cha springi kinaidaka, ta! Kisha unakaza kifundo kidogo juu yake. Kufuli mbili hizo, jamani. Hata ukipitiwa na ile ya pili, ya kwanza bado imemshikia bibi harusi taa isimwangukie.

Halafu mkono! Katikati unakunja kama kiwiko, na kila ncha ina gololi inayogeuka kila upande, lakini gurudumu moja tu ndilo linalokaza vyote. Legeza, unaupinda utakavyo. Kaza nusu, unausukuma kwa kidole na unabaki pale pale ulipouacha. Kaza kabisa, hautikisiki. Nimecheza nao kama mtoto mpaka chai imepoa. Ila msidanganyane: mkono huu unabeba takriban kilo 3, si zile 15 za kibano, na kadiri unavyounyoosha ndivyo mzigo unavyozidi kuvuta. Ni wa taa ndogo za bapa, kamera na kioo cha kuakisi mwanga. Godox yenye softibox iende moja kwa moja kwenye kibano.

Nahemka hivi kwa sababu ya Dodoma yenyewe. Tuko mita 1,100 na ushee juu ya bahari, kwenye tambarare isiyo na cha kuzuia upepo, na kiangazi upepo huo haupigi hodi. Softibox juu ya stendi nyepesi ni tanga la jahazi: stendi inakwenda, taa inakwenda, na mteja naye anakwenda. Ndiyo maana tunahangaika na viroba vya mchanga na madumu ya maji, dumu la lita 20 ukilijaza ni kilo 20, kazi ya kubeba tu hiyo. Kibano hakihitaji dumu. Kinahitaji kitu imara cha kuuma.

Na vya kuuma vipo tele, ila pima kwanza. Taya zinakamata unene wa milimita 13 hadi 55. Bomba la maji la inchi moja, ambalo kwa nje ni kama milimita 34, linakaa barabara. Bomba la jukwaa la ujenzi, milimita 48, safi kabisa, na ukipata mahojiano na injinia kwenye ujenzi kule Mtumba, huna haja ya kubeba stendi. Bomba la inchi mbili usijisumbue, kwa nje linafika milimita 60. Nondo ya 12 ya grili za madirisha yetu inapwaya kidogo. Ivishe ukanda wa tyubu ya baiskeli, ongeza unene, halafu weka taa nyepesi tu. Kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo, nguzo nyingine za miti ni nene kupita taya, kwa hiyo nenda na bomba lako fupi. Ubao bapa unataka kabari ya kupachika tayani. Uliza kama imo kwenye boksi kabla hujalipa. Kumbi zenye dari ya jipsamu? Dari usiiguse, tafuta kenchi au bomba.

Jambo moja la skrubu, maana hapa ndipo watu wanapoharibu vifaa. Matundu ya taa na kamera ni ya robo inchi au inchi tatu kwa nane. Bolti za duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi ni za milimita. Ile ya M6 itakudanganya: inaingia kwenye tundu la robo inchi, inapwaya, inazunguka kidogo, kisha inakwama na kuzila nyuzi. Ya M10 kwenye tundu la tatu kwa nane haiingii kabisa. Nunua adapta yenyewe, ni kitu kidogo.

Vya kuigiza vipo vingi, na vingine vinafanya kazi vizuri tu. Funga taya bila kitu ndani uone kama zinakutana sawasawa. Chomeka pini, ivute kwa nguvu. Ikitikisika, rudisha hapo hapo dukani, usisubiri siku ya shughuli. Na chochote kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu kifungwe waya wa chuma wa usalama, hata kibano kikiwa kipya kama hiki changu.

Kama una fedha za kununua taa ya pili, subiri. Nunua vibano viwili na mkono mmoja kwanza. Taa moja iliyokaa mahali pake inakupa picha nzuri kuliko taa mbili zilizokaa pale stendi zilipopata nafasi.