Ukitafuta Sake unapata pombe

Bandugu wasomi, fanyeni hivi: andikeni "Sake" kwenye intaneti, mutazame. Inatoka pombe ya mchele ya Wajapani na vikombe vyake vidogo. Nilicheka. Nikaongeza "Masisi", kicheko kikaisha. Askari, moshi, mama na godoro kichwani. Basi.

Picha hizo si za uongo. Mwezi wa pili 2024 watu wetu walikimbia kweli kuelekea Goma, kilometa kama 25, na Januari 2025 mji ukaingia mikononi mwa M23. Lakini niko na neno: sisi tunaonekana siku ya kukimbia tu. Njia panda yetu, moja inapanda Masisi, ingine inafuata ziwa kwenda Minova na Bukavu, iko wapi? Maharagwe, viazi, fromaji ya Masisi inayoshushwa toka kwenye lori, iko wapi? Anayepiga picha anafika na bomu, anaondoka nalo.

Watasema: andikeni wenyewe. Kwa mega gani? Mgeni anatuma picha zake jioni ileile. Siye tunalipa kushaji simu kwa mwenye paneli ya jua, tunalipa yunite, kisha video inazunguka tu mpaka mega zinaisha. Tukumbuke pia RAM: toka 2020 mwenye simu ya 3G au 4G alikatwa dola 7 kwa mwaka, mpaka kelele zikazidi, ikafutwa 2022. Na koltani ya Rubaya, palepale Masisi, inaingia kwenye simu za dunia nzima! Tuyaache hayo.

Juu lawama ingine ni yetu. TFC yangu ilihusu soko la Sake. Niliiandika kwa Kifaransa, nakala zikalala kabatini. Nilipopata mega, niliweka nini? Picha ya kolasyo, suti na maua. Wikipedia ya Kiswahili iko tangu 2003, na mimi sijaiandikia hata mstari mmoja.

Juzi mtoto wa dada yangu, aliyetoka Sake mgongoni mwa mama yake, aliniuliza: "Mjomba, kwetu kunafananaje?" Nikashika simu, nikaandika jina. Kikatoka kikombe cha pombe. Nikaifunga, nikaanza kumuelezea soko kwa mdomo.