Milio sita ya mwisho: sauti kwenye saa ya kurudi nyuma

Programu nyingi za chemsha bongo zinazofunguka ndani ya kivinjari zimejengwa kwa mtindo uleule. Namba inashuka kutoka 30, na kila inapobadilika, faili dogo la sauti linaitwa: tik. Kwenye kompyuta ya aliyeitengeneza mambo huwa shwari. Ikifika kwenye simu ya bei nafuu yenye vichupo kadhaa wazi, tik zinaanza kuchechemea: mbili zinakaribiana, ya tatu inachelewa, nyingine haisikiki kabisa. Namba zenyewe zinaonekana sawa tu, maana jicho lina huruma. Sikio halina. Namba ikichelewa milisekunde 40 hakuna atakayejua, lakini mdundo ukichelewa kiasi hicho, hata asiyejua muziki anahisi kuna kitu kimekwenda kombo.

Mkosaji ni setInterval, au tuseme ni imani tunayoipa. JavaScript ya ukurasa ina foleni moja: kuchora skrini, kusoma data, kuitikia mguso, vyote vinapanga mstari humo. Ukiiagiza setInterval ikuite kila baada ya milisekunde 1,000, inachokuahidi ni kukuweka kwenye foleni muda ukifika, basi. Aliye mbele yako akiwa na kazi nzito, utangoja. Mtumiaji akihamia kichupo kingine ndiyo balaa zaidi. Vivinjari hupunguza wito wa kichupo kilichofichwa hadi mara moja kwa sekunde, na Chrome, tangu toleo la 88 la mwaka 2021, inaweza kushusha hadi mara moja kwa dakika ikiwa ukurasa umefichwa zaidi ya dakika 5 na hautoi sauti. Saa ya sekunde 30 inayoitwa mara moja kwa dakika si saa tena.

Kabla ya kugusa msimbo, inafaa kuangalia namna kazi hii ilivyofanywa redioni, kwa sababu sijaona mpangilio bora kuliko ule. BBC ilianza kurusha milio sita ya saa tarehe 5 Februari 1924, ikiendeshwa na saa za kituo cha falaki cha Greenwich. Waliokua wakisikiliza London kwa mawimbi mafupi wanaijua: mitano mifupi, kisha mmoja. Kila mlio mfupi una urefu wa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa masafa ya hezi 1,000, kuanzia sekunde ya 55 hadi ya 59. Wa sita unaanza saa kamili.

Hadi mwisho wa mwaka 1971 milio yote sita ilikuwa na urefu mmoja, na hapo palikuwa na shida: aliyefungua redio kwa kuchelewa hakujua kama aliousikia ni wa nne au wa mwisho. Tarehe 31 Desemba mwaka huo mlio wa sita ukarefushwa hadi nusu sekunde. Hawakubadilisha masafa, hawakuongeza kengele wala ala. Urefu peke yake ulitosha. Jambo la pili ni kwamba saa kamili ni pale mlio wa sita unapoanza, si unapoisha. Watengenezaji wengi wa leo hupachika mwishoni faili la king'ora kinachopanda taratibu na kufika kileleni baada ya nusu sekunde, halafu wanashangaa kwa nini wachezaji wanagombana kuhusu nani alijibu kabla ya muda kwisha.

Hesabu ya kurudi nyuma nayo ina nukta sita mwishoni: 5, 4, 3, 2, 1, 0. Mpangilio wa Greenwich unaingia humo bila kupunguzwa hata kidogo.

Sasa msimbo. Kivinjari kina saa nyingine kabisa, iliyo ndani ya AudioContext, yaani sehemu yake inayotengeneza sauti, nayo husomwa kupitia currentTime. Saa hii inahesabiwa na mitambo ya sauti, sampuli kwa sampuli, kwa kawaida sampuli 44,100 au 48,000 kila sekunde, na haipangi mstari kwenye ile foleni. Unaweza kuiagiza osileta, yaani kizalisha-mlio cha AudioContext, ianze kulia sekunde 25 kuanzia sasa, ukaondoka, nayo italia kwa wakati wake hata ukurasa ukiwa umeganda. Mwaka 2013 mhandisi Chris Wilson aliandika makala iliyofahamika sana kuhusu saa hizi mbili. Njia yake ilikuwa kuamka kila milisekunde 25 hivi na kupanga sauti za milisekunde 100 zinazofuata. Alikuwa na metronomu, ambayo mtumiaji anaweza kuibadilishia kasi wakati wowote, kwa hiyo hakuweza kupanga mbali.

Sisi tunaweza. Mchezaji akibonyeza Anza, mwisho unajulikana papo hapo: currentTime kuongeza 30. Milio yote sita inaagizwa kwa mkupuo mmoja, kwenye mwisho toa 5, mwisho toa 4, na kuendelea, wa sita ukianza kwenye mwisho wenyewe na kudumu nusu sekunde. Agizo hili halihitaji setInterval hata chembe.

Namba nazo zinageuka kuwa watumwa wa saa ya sauti. Kila skrini inapochorwa upya, kwa requestAnimationFrame, tunachukua mwisho, tunatoa currentTime, tunaandika jibu. Hapa kosa moja dogo limewatesa wengi. Jibu likiwa 4.3, uandike 4 au 5? Ukishusha desimali, sifuri itaonekana sekunde nzima kabla ya mlio wa mwisho, na mchezaji atakuwa ameshaweka simu chini huku muda bado upo. Ukipandisha, kwa Math.ceil, tarakimu 5 inatokea pale pale mlio wa kwanza unapolia, na sifuri inatokea pamoja na ule mrefu.

Osileta ikianzishwa na kukatwa ghafla hutoa kidoko kibaya, hasa kwenye spika za simu. Dawa yake ni kupandisha sauti kwa milisekunde 5 hivi na kuishusha vivyo hivyo. Anayetumia mshuko wa kipeo, exponentialRampToValueAtTime, akumbuke kwamba haukubali sifuri; ushushe hadi 0.0001 kisha uzime. Kila osileta hutumika mara moja tu, hivyo iweke kwenye orodha ili mchezaji akighairi uweze kuzizima zote. Kuhusu masafa, hezi 1,000 ni chaguo zuri kwa sababu ya kawaida kabisa: spika ya simu inaisema vizuri. Mshindo wa ngoma nzito wa hezi 80 unaopendeza kwenye vipokea sauti vya studio hupotea wote kwenye simu.

Kusitisha kwa muda kunakuwa kazi rahisi ajabu. Ukiita suspend, currentTime inasimama, milio iliyoagizwa inasimama nayo, na namba zinaganda. Ukiita resume, vyote vinaendelea pale vilipoachwa.

Hiyo resume ina kisa chake. Mwaka 2018 Chrome iliamua kunyamazisha sauti ya ukurasa ambao mtumiaji hajaugusa. Sheria ilipoingia kwenye toleo la 66, michezo mingi ya mtandaoni ilikuwa bubu ghafla, watengenezaji wakalalamika, na kwa upande wa AudioContext ikaondolewa kwa muda, ikarudi toleo la 71 mwishoni mwa mwaka. Kwa saa yetu si kikwazo, mradi resume iitwe ndani ya mbonyezo wa Anza wenyewe.

Bluetooth ni mtihani wa aina nyingine. Spika isiyo na waya mara nyingi huchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100, kiasi cha kuonekana. Ndugu zetu wa redio ya kidijitali wamenasa kwenye mtego huohuo: milio sita ikipita kwenye intaneti humfikia msikilizaji sekunde kadhaa baada ya saa kamili. Kwenye vivinjari vinavyotoa outputLatency, itoe kwenye muda unaotumia kuchora namba. Ichelewe namba, isubiri sauti.

Sekunde 25 za kwanza ziache kimya. Najua wateja hupenda tik mfululizo, wanasema inaleta msisimko. Mwanafunzi anayepiga hesabu kichwani anaiona ni kero, na milio sita ya mwisho inakosa uzito kwa kuwa sikio limeshachoka. Ukilazimishwa kuiweka, weka na kitufe cha kuizima: mwongozo wa WCAG, wa kurasa zinazofikika na watu wote, unataka hivyo kwa sauti yoyote inayojianzisha yenyewe na kudumu zaidi ya sekunde 3. Namba zibadilike na rangi pia, kwa kuwa iPhone iliyowekwa kimya inaweza kuzimeza sauti za AudioContext, na kwa kuwa wapo wachezaji wasiosikia.

Mpango huu wote ni wa michezo na mazoezi. Kwa mtihani wenye alama usiutumie hivyo ulivyo, maana simu ikiingia katikati au kompyuta ikilala, saa ya sauti inaweza kusimama, na mtahiniwa akajipatia dakika za bure. Hapo mwisho wa muda utoke kwenye seva, ukurasa ulinganishe kila unaporudi mbele ya macho, na milio iliyobaki ifutwe na kuagizwa upya.