Nani Amemwuliza Marie-Louise?

Katika mikutano ya wazazi na ya vijana twapata mara kwa mara swali lile lile: Je, ni dhambi kusikiliza nyimbo za dansi? Wazee hupenda tujibu ndiyo, vijana hupenda tujibu hapana, na kila mmoja hurudi nyumbani na jibu alilokuja nalo. Kwa miaka mingi sisi tunaofundisha dini tulijibu kwa kuhesabu maneno machafu. Wimbo wenye maneno ya aibu tuliukataza, na wimbo usio nayo tuliuacha upite. Leo twataka kuonyesha kwamba kipimo hicho hakitoshi. Ziko nyimbo zisizo na neno moja la aibu, nyimbo ambazo bibi na mjukuu waweza kuzisikiliza pamoja, na ndani yake mna jambo linaloumiza kuliko matusi: msichana anatakwa, anasifiwa, anachukuliwa, wala hakuna aliyemwuliza.

Tuanze na wimbo ulio kama mama wa rumba yetu. Mwaka 1948 katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, Wendo Kolosoy na mpiga gita Henri Bowane waliimba Marie-Louise katika nyumba ya muziki iliyoitwa Ngoma. Sahani ile ilienea upesi mjini na mbali na mji. Watu wakavumisha kwamba ikipigwa usiku wa manane, wafu hufufuka. Uvumi huo ulimletea Wendo matata makubwa kwa wamisionari na kwa Serikali ya wakati ule.

Basi, katika wimbo huo mna nini? Wanaume wawili wanazungumza. Mmoja anampenda Marie-Louise, lakini jamaa za msichana hawataki. Mwenzake ana mali. Mali inafungua njia iliyofungwa, na furaha inaanza: safari ya gari, gita, na kinywaji. Sauti ya Wendo ni tamu kweli, na gita la Bowane linacheka kama maji ya kijito. Hatuwezi kushangaa kwamba watu waliupenda. Lakini Marie-Louise mwenyewe amesema nini? Hakusema neno. Twajua jina lake, twajua kwamba jamaa walikataa, twajua kwamba fedha ilimaliza shauri. Hatujui kama yeye alitaka. Watunzi hawakutuambia, maana kwao halikuwa swali.

Hapo ndipo twaona kosa letu la kwanza. Wakubwa wetu walishughulika na habari ya wafu wanaosemwa kwamba wanafufuka. Na yule aliye hai, yaani binti aliyekuwa katikati ya wimbo, hakuwa shauri la mtu. Hatusemi kwamba Wendo alikuwa mtu mbaya. Aliimba dunia kama alivyoikuta. Lakini wimbo mzuri ni kama kioo, na anayejitazama katika kioo yafaa akubali anachokiona.

Miaka 30 baadaye twaona jambo lilo hilo kwa upande mwingine. Mwaka 1978 Franco Luambo Makiadi, mkubwa wa O.K. Jazz, alifungwa kwa sababu ya nyimbo mbili, Hélène na Jackie, zilizojaa maneno machafu juu ya wanawake. Watu wa dini walifurahi, na kwa haki, maana maneno yale hayakufaa masikio ya mtu yeyote. Lakini tuangalie vizuri aliyepewa ulinzi. Zililindwa adabu na masikio ya watu. Mwanamke anayevuliwa nguo mbele ya watu kwa maneno, bila ruhusa yake, hakutajwa sana. Tulisema: maneno haya ni machafu. Yatupasa kusema pia: maneno haya ni wizi, maana yanachukua heshima ya mtu asiyeitoa.

Sasa wasomaji wengine watasema: Mbona wanawake pia wanaimba, nao wanasema "mimi"? Ni kweli, na hapa pana mambo mengi ya kutazama.

Mpongo Love, aliyezaliwa mwaka 1956 na kufa kijana bado mwaka 1990, aliimba Ndaya kwa sauti ambayo wengi wetu hatujaisahau. Ni wimbo wa mke anayejivunia mume wake mbele ya wanaomwonea kijicho. Aliyeutunga ni mwanaume, Mayaula Mayoni, aliyekuwa pia mchezaji wa mpira wa Vita Club. Mtu huyo huyo alikuwa ametunga Chérie Bondowe, ulioimbwa na O.K. Jazz mwaka 1974. Humo mwanamke anayejiuza anasema habari zake mwenyewe, lakini wanaoimba ni wanaume. Serikali iliupiga marufuku, eti unawatetea makahaba.

Tuweke nyimbo hizo mbili pamoja. Kalamu ni moja. Mke anajivunia kuwa na mume. Yule mwingine anaeleza maisha yake kati ya wanaume wengi. Mmoja tulimpigia makofi arusini, mwingine tulimfungia redio. Lakini wote wawili wanasema kwa kinywa walichoazimwa, na wote wawili wanapimwa kwa mwanaume aliye karibu nao. Hatumlaumu Mayaula. Kuazima kinywa cha mwingine ili kueleza mateso yake ni kazi njema ya mtunzi, tena twaona kwamba katika wimbo uliokatazwa mna huruma kuliko katika ule uliosifiwa, maana yule mwanamke anapewa nafasi ya kutoa sababu zake. Hili Marie-Louise hakulipata. Tuliomkataza hatukumsikiliza mpaka mwisho.

Halafu, katika miaka ya 1980, Mbilia Bel wa kundi la Tabu Ley aliimba Mpeve ya Longo, maana yake kwa Kikongo ni Roho Mtakatifu. Ni kilio cha mke aliyeachwa na mume, akabaki peke yake na watoto. Wanawake waliupenda sana. Kwa kweli sisi walimu twaona haya kidogo: wanawake wengi walisikia sala yao ikitoka katika redio kabla hawajaisikia katika mafundisho yetu ya Jumapili. Basi asiye haki tu ndiye atakayesema kwamba rumba yote ni mbaya.

Lakini nyimbo za namna hiyo ni chache mbele ya zile nyingine, zinazofuata njia moja tangu zamani hata leo. Mwanaume anapenda. Msichana anakataa. Mwanaume analia, hali chakula, halali usingizi, yuko tayari kufa. Anarudi tena na tena. Mwishoni msikilizaji anamhurumia yule anayelia, na msichana anaonekana kuwa mkali asiye na moyo. Kukataa kwake kumekuwa kama mlango uliofungwa, na kazi ya mwanaume hodari ni kubisha mpaka ufunguke. Wazee husema, bandu bandu huisha gogo. Ni neno jema kwa mwenye kupasua kuni. Lakini binti wa mtu si gogo. Machozi ya mwanaume hayawi deni ambalo msichana atalilipa kwa mwili wake. Kijana anayeimba hivyo toka utoto, hata kama haelewi Lingala yote, anajifunza kwamba "hapana" ya mwanamke maana yake ni "bado". Mafundisho hayo hayana neno moja chafu, nayo yameharibu wengi.

Na tusidhani kwamba mambo hayo hubaki katika wimbo. Mwezi wa Julai 2016 watu wa nchi nyingi waliona picha za mwimbaji Koffi Olomide akirusha teke kwa mmoja wa wachezaji wake wa kike, katika uwanja wa ndege wa Nairobi, na Kenya ikamfukuza. Mwezi wa Desemba 2021 mahakama ya rufani ya Versailles, katika Ufaransa, ilimhukumu kifungo cha miezi 18, kilichoahirishwa, kwa kuwazuia wanawake wanne waliokuwa wachezaji wake pasipo hiari yao. Ikamfutia mashtaka ya kuwashambulia kingono. Mwezi ule ule UNESCO iliiandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Tulishangilia habari ya pili, na tulikuwa na haki. Ile ya kwanza wengi waliipita kimya. Lakini mchezaji dansi anayesafiri mbali na kwao, anayengoja mkate wake kwa mkubwa wa kundi, ana nguvu gani ya kusema hapana? Penye mkubwa sana na mdogo sana, hata "ndiyo" yahitaji kuchunguzwa.

Katika jambo hili Kanisa lina fundisho safi, nasi tunalo mkononi. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, mtumishi wa Abrahamu amefika na ngamia na zawadi za dhahabu, na ndugu za Rebeka wamekwisha kupatana naye. Hata hivyo, kabla ya safari, wanaamua kumwita msichana na kuuliza kinywa chake, naye anajibu mwenyewe kwamba atakwenda. Katika Injili ya Mtakatifu Luka, Mungu mwenyewe anatuma Malaika kwa Bikira Maria, naye Maria anauliza swali, anajibiwa, kisha anakubali. Mwenye enzi yote hakumchukua mtu kwa nguvu. Je, sisi ni nani? Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1057, yasema kwamba kukubaliana kwa wawili ndiko kunakofanya ndoa, wala hakuna uwezo wa mwanadamu unaoweza kukaa mahali pake. Baba hawezi kukubali badala ya binti, hata mali ya ndoa haiwezi. Sheria ya nchi pia imefuata: tangu mwaka 2006 kumwoza mtu kwa nguvu ni kosa la kuadhibiwa.

Hatusemi hayo kama watu wasio na doa. Miaka kadhaa iliyopita tuliandika majina ya wachumba katika ofisi ya parokia. Tulimwuliza msichana: "Binti yangu, wataka kuolewa na huyu?" Akatazama chini, akasema: "Mwalimu, baba amekwisha kupokea mali." Tulikuwa na wengine wanaongoja nje, na jua lilikuwa linakwenda. Tukaandika "ndiyo". Kunyamaza ni kukubali, tulijiambia.

Baada ya miaka miwili yule binti alirudi kwa wazazi wake. Jamaa za pande zote mbili wakatuita ili tusaidie kupatanisha. Tulikaa chini ya mwembe toka asubuhi: baba, wajomba, baba mkwe, na sisi. Tulihesabu mbuzi waliotolewa, nguo za mama, na fedha. Mwenyewe alikuwa amekaa karibu na jiko, anamenya mihogo, na mtoto mgongoni. Hakuna aliyemwita. Ilipokaribia saa nane, bibi yake mzaa mama alisimama, akasema: "Ninyi wote mmesema. Huyu je?" Tukanyamaza. Tulikumbuka wimbo wa mwaka 1948, wanaume wakizungumza juu ya mtu asiyesema. Tulikuwa tumeuimba wimbo ule ule, bila gita.

Msichana alisimama mbele yetu, akasema maneno machache. Alisema kwamba siku ile ya ofisi alikuwa akingoja tumwulize mara ya pili.

Tangu siku hiyo twauliza mara ya pili. Tena twamwuliza kila mchumba peke yake, bila baba, bila mchumba mwenzake, na asiyejibu hatumwandiki. Wengine wamekasirika, wakisema kwamba twachelewesha arusi za watu. Na wachelewe.

Basi, ninyi wazazi, mnaposikia watoto wakiimba nyimbo za telefone, msipige kelele tu kwamba ni za shetani. Kaeni nao, waelezeni maneno ya Lingala, kisha waulizeni: Katika wimbo huu nani anasema? Nani hakuulizwa? Akikataa, wimbo unamfanya nini? Watoto wataanza kusikia kwa masikio mengine, na hakuna radio wala baa itakayowanyang'anya masikio hayo. Ninyi vijana wa kiume, mwanamke akikwambia hapana, hajakutukana, wala hajakuwekea mtihani. Amekujibu. Ninyi wenye kupiga gita, tena wako wengi hodari katika kwaya zetu, twawaomba kitu kimoja. Rumba yetu imejaa majina ya wanawake. Mtungieni mmoja wao wimbo ambao ndani yake anaulizwa, na gita linyamaze kidogo mpaka ajibu.

Na sisi wenye kitabu cha majina ofisini, tuache nasi kalamu mezani wakati huo.