Kati ya Wingi na Kinaa: Uhakiki wa Tafsiri ya Kivumishi 'Fulsome' kwa Kiswahili

Miongoni mwa vivumishi vya Kiingereza vinavyomtega mfasiri wa Kiswahili, kimojawapo ni 'fulsome'. Kwa kuwa umbo lake linakumbusha ujazo, mfasiri huvutwa kwenye visawe kama 'tele' na 'kemkem'. Makala hii inadai kwamba visawe hivyo, vikitumiwa bila kupima muktadha, hugeuza msimamo wa matini chanzi.

Kivumishi hiki kilizuka katika Kiingereza cha Kati kikiwa na maana ya wingi. Baadaye wingi huo ulichukuliwa kuwa wa kupita kiasi, na kilichojaa mno kikawa cha kuchusha. Katika tamthilia ya Shakespeare, Twelfth Night, Olivia anakitumia kumweleza Orsino kwamba wimbo wake ule ule wa zamani unamchusha. Hatimaye neno lilizoeleka zaidi pamoja na sifa: zile zinazomiminwa hadi msikilizaji akatilia shaka nia ya msemaji.

Tuchukue sentensi isemayo kwamba mgeni rasmi alimwagiwa sifa za namna hiyo na wenyeji wake. Tukifasiri 'sifa kemkem', kejeli ya mwandishi inageuka pongezi. Wapo watakaopendekeza 'kilemba cha ukoka'. Nahau hiyo inakaribia, lakini mkazo wake uko kwenye uongo wa sifa na kuhadaika kwa anayesifiwa. 'Fulsome' hukazia kero ya anayesikia. Sifa zenyewe huenda zikawa za kweli.

Kisawe kinachofaa zaidi, kwa maoni yetu, ni '-a kukinaisha'. Kitenzi 'kinai' kina maana ya kutosheka, na pia ya kuchukizwa na kitu kwa kukila au kukipata mno. Kiswahili, basi, kimepita njia ile ile ya kisemantiki, kutoka shibe hadi karaha, bila kukiiga Kiingereza.

Hata hivyo, kisawe hiki nacho kina hatari yake. Wazungumzaji wengi wa Kiingereza wa leo wameirejesha maana ya wingi. Kiongozi anapoahidi kuomba radhi kwa namna iliyo 'fulsome', kwa kawaida anakusudia radhi kamili. Mfasiri akiandika 'radhi ya kukinaisha', atakuwa amemtusi kiongozi huyo kwa maneno ambayo hakuyasema.

Kwa hiyo, mfasiri ajiulize maswali manne: nani anasema, je, anajisemea mwenyewe au anamhukumu mwingine, nomino inayovumishwa ni ipi, na je, sentensi zinazofuata zinaunga mkono au zinabeza? Watunzi wa kamusi za Kiingereza na Kiswahili nao waorodheshe maana zote mbili, kila moja na mfano wake, na waonye waziwazi kwamba zinakinzana. Kisawe kimoja kisicho na maelezo humwacha mfasiri akibahatisha, na anayeumia ni yule ambaye maneno yake yanafasiriwa.