Faili na Uchafu Wake: Namna ya Kuitambua Rekodi Nzuri ya Mawimbi ya Ubongo

Anayekwenda kupimwa ubongo kabla ya kuanza neurofidibaki, yale mazoezi ya kuufunza ubongo kwa kuuonyesha mawimbi yake wenyewe kwenye skrini, aghalabu hurudi nyumbani na ripoti ya picha. Vichwa vidogo vya duara vimepangwa safu kwa safu, vingine vyekundu, vingine vya buluu, na chini yake maneno mazito kuhusu usikivu, usingizi na wasiwasi. Inapendeza kutazama. Mtu aliyezoea kusoma EEG, yaani rekodi ya umeme wa ubongo, huipekua haraka, huiweka pembeni, kisha huuliza: faili ghafi liko wapi?

Ana sababu. Zile rangi hutengenezwa na programu, na programu haibagui ilichopewa. Msuli wa taya uliokazwa huhesabiwa kuwa beta, mawimbi ya haraka, na kusomwa kama wasiwasi. Jasho huhesabiwa kuwa delta, mawimbi ya polepole. Ripoti inatoka safi, imenyooka, na hakuna popote inaposema kwamba mteja alikuwa akisaga meno.

Umeme unaotafutwa ni mdogo mno. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani, aliunasa kwa mara ya kwanza kichwani mwa binadamu mwaka 1924, akakaa na matokeo yake hadi 1929 ndipo akayachapisha. Mawimbi yanayofika juu ya ngozi ya kichwa huwa ya makumi ya maikrovolti tu. Mpigo wa moyo ukipimwa kifuani hufika takriban maikrovolti 1,000, na kupepesa jicho mara moja huweza kupita 100 kwenye paji la uso. Kwa hiyo uchafu haukwepeki. Kinachotofautisha fundi na mbabaishaji ni kama uchafu huo umepunguzwa kabla ya kurekodi, au umefichwa baadaye.

Kazi inaanzia kichwani. Elektrodi huwekwa kwa mpangilio wa 10-20 ambao Herbert Jasper wa Montreal aliuchapisha mwaka 1958: sehemu 19 za kawaida kwa tathmini, pamoja na masikio mawili kama rejea. Namba witiri ziko kushoto, namba shufwa kulia, na herufi z ni mstari wa katikati. Fundi mzuri hupima kwa tepu kuanzia kwenye shina la pua hadi kwenye kinundu cha kisogo, hakisii kwa macho. Kisha husugua ngozi, hutia jeli, na husoma ukinzani wa kila elektrodi. Kipimo cha kimapokeo ni chini ya kiloomu 5, ingawa amplifaya za siku hizi huvumilia zaidi. La maana kuliko namba yenyewe ni kwamba elektrodi zote zikaribiane. Moja ikiwa na 3 na jirani yake 40, umeme wa ukutani utaingia kwa ile ya pili.

Hapa ndipo nywele zinapoingia, na vitabu vingi vya fani hii viliandikwa kana kwamba nywele zote ni laini na zimelala. Kofia ya elektrodi juu ya nywele nene za Kiafrika husukumwa juu, jeli inaishia njiani, na fundi asiye na subira huandika kwamba mteja "hakupimika". Mwaka 2020, Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walitoa jibu ambalo msusi yeyote wa Kariakoo angelielewa papo hapo: nywele zisukwe kwa mistari, mithili ya twende kilioni, mistari ifuate ramani ya 10-20 ili ngozi ibaki wazi pale inapohitajika, na elektrodi ishikiliwe na kibanio kinachojibana chini ya misuko. Kituo kinachomwambia mteja mapema aje na nywele zilizosukwa hivyo, zisizopakwa mafuta, kimekwisha kuonyesha kwamba kinaijua kazi yake.

Rekodi ikishafunguka kwenye skrini, mjuzi hutazama mambo machache kwa haraka. Mteja anapofumba macho, mawimbi ya alfa, ya hezi 8 hadi 13, yanapaswa kuchomoza kisogoni, kwenye O1 na O2, na akifumbua, yanyauke. Berger mwenyewe aliliona hilo. Watu wachache wana alfa hafifu kwa maumbile, lakini alfa ikionekana kubwa kwenye paji kuliko kisogoni, jambo la kwanza kushukiwa ni waya zilizochomekwa mahali pasipo pake.

Jambo la pili huwashangaza wageni: mjuzi hutafuta kupepesa kwa macho. Mtu aliyekaa dakika tano macho wazi lazima apepese, na kila pepeso liache kilima kikubwa kwenye Fp1 na Fp2, elektrodi za paji la uso. Rekodi ya namna hiyo isiyo na hata kilima kimoja si rekodi safi. Ni rekodi iliyosafishwa, na aliyepewa ana haki ya kujua nani aliisafisha, kwa njia gani, na nakala ya awali imehifadhiwa wapi.

Halafu kuna chujio la hezi 50. Umeme wa majumbani Tanzania, Kenya na Ulaya hutetemeka mara 50 kwa sekunde, Marekani mara 60, na programu karibu zote zina kitufe cha kuufuta mtetemo huo. Mjuzi hukizima kwanza. Chaneli inayojaa ukungu mzito mara chujio linapoondolewa ilikuwa na mgusano mbaya tangu mwanzo, na chujio lilikuwa likiusitiri. Ukungu mwembamba uliosambaa sawa kwenye chaneli zote ni jambo la kawaida, hasa chumba kikiwa na chaja ya kompyuta iliyochomekwa. Mahekaheka ya miiba midogo kwenye T3 na T4, penye misuli ya taya, ni umeme wa misuli hiyo. Mstari unaopanda na kushuka polepole, kama katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari bila kiyoyozi, ni jasho.

Mpaka hapa wengi wanafika. Wanaopotea ni wale wanaodhani kwamba rekodi iliyo nzuri ndani ya programu itabaki nzuri ikitoka.

Programu nyingi za neurofidibaki huhifadhi rekodi kwa muundo wake wa siri, unaosomeka humo humo tu. Kampuni ikifungwa au leseni ikiisha, ubongo wa mteja umefungiwa ndani. Ndiyo maana mjuzi, kabla ya kununua chochote, huuliza kama programu inatoa EDF, muundo wa wazi uliochapishwa mwaka 1992 na watafiti wa Ulaya, ukaongezewa mwaka 2003 kwa jina la EDF+ ili ubebe pia alama za matukio. Kuna miundo mingine ya kuheshimika. Ule wa BrainVision, kwa mfano, hugawa rekodi katika mafaili matatu yanayotajana kwa majina: mtu akibadilisha jina la moja kwa nia njema ya kupanga kabrasha lake, matatu hayo hayajuani tena.

Faili la EDF linaweza kupimwa hata kabla ya kufunguliwa, kwa uzito wake. Dakika tano za chaneli 19, sampuli 256 kwa sekunde, baiti mbili kwa kila sampuli, ni baiti 2,918,400, na utangulizi wake ni baiti 5,120. Karibu megabaiti tatu. Aliyeomba data ghafi akaletewa faili la kilobaiti 40 ameletewa majumlisho: wastani wa alfa, wastani wa theta, na hakuna wimbi hata moja ndani yake.

Kuhesabu sampuli ni kipimo kingine cha bei nafuu. Dakika tano hizo zinapaswa kutoa sampuli 76,800 kwa kila chaneli. Vifaa visivyo na waya vinavyotumia Bluetooth hudondosha vipande njiani, na programu duni huziunganisha kingo mbili za pengo kana kwamba hakuna kilichotokea. Mawimbi yanaruka, mruko huo unamwagika kwenye masafa yote, na ramani ya rangi inabadilika bila ubongo kuhusika. Programu nzuri huacha pengo lionekane.

Kisha skeli. EDF huhifadhi kila thamani kwa biti 16, yaani ngazi 65,536, na utangulizi wa faili husema ngazi hizo zinawakilisha maikrovolti ngapi. Zikitandazwa kutoka hasi 200 hadi chanya 200 za milivolti, kila ngazi inakuwa na takriban maikrovolti 6, na wimbi dogo la alfa linageuka kuwa vidato. Zikibanwa kupita kiasi, vilele vinakatwa bapa kama vimepigwa randa. Dalili zote mbili huonekana kwa macho ya kawaida mtu akikuza picha ndani ya EDFbrowser, programu ya bure, akailinganisha na ile ya awali sekunde kwa sekunde. Humo humo kwenye utangulizi pana nafasi ya kuandika machujio yaliyotumika. Ikiwa tupu, fundi alikuwa mvivu au programu ni ya kizembe. Kwa mpokeaji, matokeo ni yale yale.

CSV, jedwali la maandishi matupu, inapendwa kwa sababu inafunguka kwenye Excel, na hapo ndipo balaa lake. Jedwali la Excel lina mistari 1,048,576. Kwa sampuli 256 kwa sekunde, hizo ni sekunde 4,096, saa moja na dakika nane na ushei. Rekodi ndefu zaidi hukatwa mkia, na aliyeihifadhi upya amepoteza mkia huo. Kompyuta iliyowekwa lugha ya Kijerumani au Kifaransa hutumia koma mahali pa nukta ya desimali, na namba zinavurugika. CSV ina nafasi yake kwa majaribio ya haraka, si kwa kumbukumbu.

Anayetaka kuona mfano wa faili lenye kasoro lakini linaloaminika aende PhysioNet, hifadhi ya wazi ya data mtandaoni, kwenye rekodi za watoto wenye kifafa zilizokusanywa katika Hospitali ya Watoto ya Boston, maarufu kwa jina la CHB-MIT. Ni EDF, sampuli 256 kwa sekunde. Chaneli zake zimehifadhiwa kwa jozi, kila moja ikiwa tofauti ya elektrodi mbili jirani, kwa hiyo hakuna tena namna ya kuipata kila elektrodi peke yake dhidi ya sikio. Chaneli ya T8-P8 imeandikwa mara mbili katika mafaili mengi. Kati ya faili na faili kuna mapengo, mengi ya sekunde 10 au pungufu. Pamoja na hayo yote watafiti wa nchi nyingi wamezitumia rekodi hizo kwa miaka, kwa kuwa maelezo yanayoambatana nazo yanataja mapengo, mabadiliko ya chaneli, na mwanzo na mwisho wa kila degedege. Tathmini nyingi za kulipia, zenye mawimbi ya kupendeza kuliko hayo, hazina hata karatasi moja inayosema mteja alilala saa ngapi au alikunywa kahawa lini.

Rekodi bora haithibitishi kwamba tiba inayofuata itafaa. Hayo ni mambo mawili. Uwiano wa theta na beta, ambao mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kifaa kimoja kiutumie kusaidia kutambua ADHD, tatizo la umakini na utulivu, ulijaribiwa pia kama shabaha ya mazoezi. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2021, ambamo si watoto wala wahudumu waliojua nani anapewa mazoezi ya kweli, halikuona tofauti ya maana na mazoezi ya bandia. Kliniki inayotaja habari hiyo bila kuulizwa inastahili alama za ziada.

Linabaki suala la jina. Utangulizi wa EDF una herufi 80 za kumtambulisha mtu, na zinasomeka hata kwa Notepad. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote huziweka taarifa za afya katika kundi nyeti, lakini fundi anayetuma faili kwa WhatsApp likiwa na jina kamili la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa si mtu wa kutafutwa kwa tochi. EDF+ inaruhusu herufi X mahali pa jina. Asiye makini huweka X kila mahali, akafuta na umri, na hapo anayepokea hukwama: mdundo wa kisogoni wa hezi 8 ni wa kawaida kwa mtoto wa miaka mitatu, ilhali kwa mtu mzima, ambaye wake huwa karibu na 10, huo ndio mpaka wa chini kabisa. Fundi anayejua hufuta jina, huacha umri kwa miaka, na huandika kwenye karatasi ya pembeni mkono anaoutumia mteja, dawa alizomeza asubuhi hiyo, na elektrodi ipi ilisumbua.